Kamati ya Malengo ya Blanketi la Greda

Simu ya Fasta ndiyo iliyoanza uchokozi. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari, upepo wa Same unamwaga vumbi kwenye vikombe vya kahawa bila hata kuomba radhi, na wanakijiwe wa nyuma ya stendi wote bado wana uzito wa sikukuu machoni. Simu ilikuwa imefunguliwa redio. Mtangazaji akasema yuko studio na mtaalamu wa mafanikio. Mtaalamu akakohoa kitaalamu, kisha akatamka:

"Mtu mwenye hobi lakini hana malengo ya mwaka ya hiyo hobi, huyo hana hobi. Ana uvivu uliovaa suti."

Basi. Kijiwe kikaamka.

"Mmemsikia huyo?" Amiri akaweka kikombe chini. Amiri anauza dawa za mifugo, na kijiwe kinamwita Daktari, ingawa wagonjwa wake wote wana mikia. "Yaani hata kustarehe siku hizi kunatakiwa mpango kazi!"

"Kwani uongo?" akadakia Godwin, na hapo wote wakajua siku imekwisha. Godwin alikuwa tarishi wa ofisi moja huko mjini. Alibeba chai kwenye vikao kwa miaka mingi mno, hadi vikao vikamwingia kwenye damu. Jina lake hapa ni Ajenda. "Nchi haiendi bila malengo. Hebu tuulizane, kila mmoja ataje hobi yake. Daktari, anza."

"Kulala baada ya chakula."

"Malengo ya mwaka?"

"Kulala na kabla ya chakula."

"Haya, Fasta!"

Fasta, ambaye kwao anaitwa Clemence, ni kijana wa bodaboda mwenye mke na watoto wawili. Hilo jina alipewa kwa dhihaka, maana wapo abiria walioshuka kwenye pikipiki yake wakatembea na wakamtangulia kufika.

"Mimi mpira, mzee. Malengo: timu yangu ichukue ubingwa."

"Hilo ni lengo la timu, siyo lako."

"Basi mimi nipunguze kulia."

"Mama Careen?"

Justa, mama wa kahawa, alikuwa anapuliza makaa. Hakuinua hata kichwa.

"Hobi yangu ni kuwasikiliza nyie bila kucheka. Mwaka jana nilifeli vibaya sana."

Wakabaki wanamtazama mtu wa mwisho kwenye benchi. Huyo ni Melkizedeki, Mzee Greda, aliyeendesha greda la barabara tangu ana nywele nyeusi, kuanzia Kileo huko Mwanga hadi Kisiwani, na kupanda milimani hadi Myamba. Alikuwa ameinamia kikombe chake kama anatafuta kitu ndani. Hobi alikuwa nayo, malengo alikuwa nayo, na kitu kimoja alichokuwa amekiapia ni kwamba hawa watu wasijue kamwe.

Si kwamba aliona aibu. Hapana. Aliwajua tu. Kitu chochote kikigusa lile benchi kinapata mwenyekiti. Mwaka juzi Daktari alisema kwa mdomo wake tu kwamba anafikiria kufuga kuku watatu wa kienyeji. Kufika adhuhuri kuku wakawa na katiba, na mpaka leo hawajanunuliwa.

"Mimi sina hobi," akasema Greda. "Mimi napumzika."

"Ngoja nikupanguse hilo vumbi, mzee wangu, unafanana na gunia la unga," akasema Justa, akapitisha mkono kwenye kola ya koti lake. "Uwiii! Mama yangu! Mzee Greda, umefuga nungunungu shingoni?"

Akakivuta kile kilichomchoma. Sindano. Nyuma yake uzi wa kijani, mrefu, ukaja, ukaja, ukaendelea kuja.

"Nilikuwa natia kifungo," akasema Greda haraka.

"Koti jeusi, kifungo uzi wa kijani?"

"Ndiyo uliokuwepo."

Fasta akajipiga paji la uso. "Aaaah! Sasa nimeelewa! Ndiyo maana kila Ijumaa nakuletea ule mfuko wa mabaki ya vitenge kutoka kwa Sabrina wa cherehani! Mzee baba, si uliniambia ni ya kupangusia greda?"

"Greda gani, mtu amestaafu?" Daktari akauliza. "Fasta, nawe ukaamini?"

"Mimi nalipwa nipeleke mzigo, silipwi nifikiri!"

Ikawa kelele tupu. Greda alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona hakuna pa kutokea. Akavuta pumzi.

"Haya. Nashona blanketi la viraka. Mmefurahi?"

"Viraka?" Ajenda akashtuka. "Mambo yamekuwa magumu kiasi hicho, ndugu yangu, na umekaa kimya?"

"Siyo viraka vya shida! Sikilizeni. Unachukua vipande vya vitenge, unavikata, unaviunga kimoja kimoja mpaka vinakuwa kitambaa kimoja kipana. Chini unatandika shuka, katikati blanketi kuukuu, juu ule uzuri wako. Halafu unapiga bandi kwa mkono, tabaka zote tatu zishikane. Ni barabara ile ile, kifusi chini, lami juu."

"Na unapata nini?" akauliza Daktari.

Hapo Greda akasema ambacho hakupanga kukisema.

"Nilipostaafu nilikaa nyumbani nasikiliza friji. Nikijua sasa inaanza kuunguruma, sasa inanyamaza. Nikawa namkaripia Mama Doreen, mke wangu mwenyewe, eti anakata vitunguu vinene. Mtu kakata vitunguu maisha yake yote! Siku moja nikapanda Myamba kumsalimia shemeji yangu. Baridi ile mnaijua. Usiku akanifunika blanketi la viraka, nikalala nalitazama mpaka usingizi ukanikimbia. Asubuhi nikamwambia, shemeji, nifundishe. Nikishona nafurahi, ndugu zangu. Nafurahi tu, sina la ziada."

Hata Justa akaacha kupuliza makaa. Fasta akaanza kusema "daah" lakini haikutoka yote.

"Sawa," akasema Ajenda kwa upole. "Hiyo furaha ina viashiria?"

"Ina nini?"

"Viashiria vya utekelezaji. Tutajuaje kwamba umefurahi?"

"Mimi nitajua!"

"Na sisi wadau?"

"Wadau gani? Nani kakwambia wewe ni mdau?"

"Mtaalamu amesema hobi bila malengo ni uvivu. Hatuwezi kukaa kimya tunamwona mwenzetu anashona ovyo. Una malengo ya mwaka au huna?"

"Ninayo!" Greda akafoka, na papo hapo akajuta. Lakini maji yalishamwagika, akaendelea. "Mwaka huu nataka nitumie kitambaa cha njano. Naiogopa njano, kila nikiishika mkono unasita. Pili, nataka nishone kipande kimoja kipinde vibaya kabisa, na nisikifumue. Barabara nimenyoosha maisha yangu yote, sasa nataka kitu kimoja kiende upande na nikiache kiende. Tatu, nataka blanketi la kwanza nilalie mimi mwenyewe, kabla hajaja ndugu yeyote kusema zuri hilo. Basi. Ndiyo malengo yangu."

Wakatazamana. Kisha kicheko kikapasuka, Daktari akawa anajipiga magoti.

"Hayo siyo malengo, Greda! Hiyo ni starehe!"

"Ndivyo inavyotakiwa iwe!"

"Kulala umeweka kwenye malengo, na mimi nilipotaja kulala mlinicheka!"

"Oya, tulieni," akasema Fasta, macho yanamwaka. "Mshua, hapa kuna kitu kikubwa. Tukupige video. Mzee wa greda anashona! Yaani watu watajaa. Kila siku unaingia live, saa mbili usiku, kipande kipya."

"Saa mbili nakuwa nimelala."

"Utabadilika. Ustaa una gharama zake."

"Mimi napendekeza mablanketi ya mbuzi," akasema Daktari, sasa amekaa vizuri. "Hakuna mtu aliyeifikiria mifugo. Mbuzi wa Kisiwani..."

"Kisiwani?" Justa akamkata. "Kwenye lile joto? Mbuzi wa Kisiwani anahitaji feni, Daktari, siyo blanketi!"

"Usiku hupoa kidogo."

"Hupoa na nini? Mimi nimeolewa kule, usinifundishe."

Ajenda akainuka. Akikutana na upepo wa Same amesimama, shati lake hujaa kama tanga, na yeye hudhani ni heshima inaongezeka.

"Waheshimiwa, akidi imetimia. Natangaza Kamati ya Malengo ya Blanketi la Mzee Greda imeanza kazi rasmi. Mwenyekiti mimi. Kuna pingamizi?"

"Lipo," akasema Greda.

"Pingamizi limesikilizwa. Tunaendelea. Lengo kuu: ifikapo Desemba liwepo blanketi moja kubwa la kufunika kijiwe chote, vumbi lisituingie."

"Kwa nini kijiwe tu?" akauliza Fasta. "Tufunike stendi!"

"Na soko," akasema Daktari. "Ukishafunika stendi, soko litanuna."

"Ukifika sokoni huwezi kuwaacha watu wa milimani, watasema wametengwa. Hebu nione, mlima Shengena utachukua vitenge vingapi?" akauliza Ajenda.

"Mnasikia mnavyosema?" Greda akauliza. Hakuna aliyesikia.

"Sasa utekelezaji," Ajenda akaendelea, anahesabu kwa vidole. "Robo ya kwanza: uzinduzi, na mgeni rasmi. Robo ya pili: uhamasishaji. Robo ya tatu: ziara ya mafunzo. Robo ya nne: tathmini na vyeti."

"Na kushona?" akauliza Justa.

"Kushona kutaingia mwaka ujao wa fedha."

Greda aliona jasho linamtoka wakati upepo unavuma. Alilitazama lile blanketi lake kwa macho ya moyo: liko kitandani kwa Doreen, chumba kitupu tangu binti aolewe, nusu limeungwa, linamsubiri. Akaona mgeni rasmi amelikanyaga. Akaona mkasi na utepe. Akajua kabisa kwamba likishaingia kwenye robo ya kwanza, yeye atarudi kusikiliza friji.

Na hapo usiulize kwa nini hakusema tu hapana, akaenda zake. Kamati hii hii, kwenye benchi hili hili, ndiyo iliyomwoza Doreen. Ajenda alikuwa mwenyekiti, Daktari alisimamia mbuzi, Fasta alisimamia usafiri, na bibi harusi alichelewa lakini alifika. Mtu ambaye ameoza binti kwa vikao vya watu hawezi kugeuka leo akawaambia vikao vyenu basi. Upareni jambo hilo lingeleta maneno hadi kwa wajukuu, na Ajenda angeweza hata kufungua kesi.

Ndipo likamjia wazo. Lilimjia zuri, limekamilika, hata akatabasamu.

"Ndugu zangu," akasema, amesimama naye. "Nimewaelewa. Nakubali malengo yote. Stendi, soko, Shengena yenyewe. Lakini kazi kubwa hivi siyo ya mtu mmoja. Wazee wetu kazi ya wote waliifanyaje?"

"Msaragambo," akajibu Daktari bila kufikiri.

"Msaragambo! Pembe inalia, kila nyumba inatoa mtu, mfereji unazibuliwa, na asiyetokea anatozwa jogoo. Sasa napiga pembe. Jumamosi asubuhi, kwangu. Kila mwanakamati aje na sindano yake. Tunashona wote. Asiyekuja, jogoo."

Greda aliketi akanywa kahawa yake taratibu, anawasubiri.

"Jumamosi?" akasema Daktari. "Jumamosi nina ng'ombe wa mtu anaharisha."

"Jumamosi ndiyo siku ya abiria, mshua," akasema Fasta. "Ningependa, ila ndiyo hivyo tena."

"Mwenyekiti kwa kawaida hashiki sindano," akasema Ajenda. "Mwenyekiti anatoa mwongozo. Na macho yangu nayo, unajua, karibu na mbali yote yananisumbua."

"Basi kamati tuivunje tu," akasema Greda kwa huzuni ya uongo. "Pole zetu. Tulijitahidi."

Alikuwa ameshinda. Alikuwa ameshinda kabisa! Alishaanza kuitafuta ile sindano yake mkononi mwa Justa ili aondoke. Na Justa, mwanamke ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo, akauliza:

"Na makande atapika Mama Doreen?"

Greda akasimama hapo hapo. Makande! Aliita msaragambo akasahau makande. Mpare gani anaita watu kazini bila sufuria? Na sufuria yenyewe ni ya Dorkasi, Mama Doreen, ambaye makande yake na maziwa ya mgando yanajulikana kuanzia barabara kuu hadi kule juu. Angesema hayapo, ingekuwa ametangaza hadharani kwamba nyumbani kwa Melkizedeki msaragambo unaondoka na njaa.

"Atapika," akasema, sauti ndogo.

"Yule ng'ombe," akasema Daktari, "kwa kweli hata jana alishaanza kupata nafuu."

"Abiria wapo siku zote," akasema Fasta.

"Mwongozo mzuri," akasema Ajenda, "hutolewa eneo la kazi."

Jumamosi hata jogoo wa kutozwa hawajawika vizuri, Fasta alikuwa getini anapiga honi ya pikipiki badala ya pembe. Mama Doreen alichungulia dirishani, akamgeukia mumewe.

"Melki, hawa si uliniambia hawatakuja?"

"Nilipiga hesabu vibaya."

"Uliwaahidi makande?"

"Justa ndiye aliyeuliza."

"Mungu anisaidie na wewe," akasema, lakini alikuwa ameshaloweka mahindi tangu jana. Alimjua mumewe.

Walitandika mkeka uani. Blanketi likaletwa nje, na Greda alilibeba mwenyewe kwa mikono miwili, hataki liguse chini. Daktari alishona kama anavyoshona mbuzi aliyetumbuliwa na waya: mshono mmoja fundo, mshono mmoja fundo. Fasta alifanya kazi kwa bidii nusu saa nzima, akasimama kwenda kunywa maji, blanketi likasimama naye. Alikuwa ameshona suruali yake.

"Usivute! Usivute, utanichania!" akapiga kelele Greda.

"Na mimi je, mshua? Unajali blanketi tu?"

"Suruali nitakununulia! Tulia, nifumue!"

Greda alitegemea mambo mawili. La kwanza, kwamba wataumia vidole. La pili, kwamba wakishakula wataondoka na hawatarudi tena. Vidole viliumia sana. Makande yaliliwa mpaka ukoko. Lakini hawakuondoka.

"Hebu nimalizie huu mstari," akasema Daktari, mdomoni ana uzi. "Usinisemeshe, nitapotea."

"Kwani mstari wako unaenda wapi?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka nione."

Jumapili baada ya ibada walirudi. Jumatatu Fasta aliegesha pikipiki getini tangu asubuhi. Abiria alimpigia simu, akamjibu yuko kwenye kikao nyeti. Jumanne Justa akaona hakuna sababu ya kukaa stendi na birika peke yake, akahamisha jiko lake uani kwa Greda. Na Justa, ambaye hakuna aliyejua ni hatari kiasi hicho, alishona mstari mmoja ulionyooka mpaka Ajenda akasimama, akampa cheo cha Mkaguzi wa Ubora papo hapo.

Wakawa na malengo sasa, kila mmoja lake. Daktari anataka ashone mbuzi, mbuzi kabisa, mwenye ndevu, kwa kitenge cha kahawia. Fasta anataka kifuniko cha siti chenye jina lake, ila herufi ya kwanza tu ilimchukua siku mbili. Ajenda hakushona hata mshono mmoja, lakini kila asubuhi alifungua kikao na kila jioni alikifunga, na macho yake yalikuwa yamepona kabisa kwa ajili ya kuona makosa ya wengine. Kelele zilianza saa moja asubuhi. Mama Doreen alisema hajawahi kuona uani kwake kumechangamka hivi, na kwamba wanaume wakishika sindano wanasengenya kuliko wanawake, tena bila hata kupumzika.

Greda akawa anatafuta nafasi. Akikaa mashariki ya blanketi, Daktari anamwambia hapo ndipo mbuzi atapita. Akikaa magharibi, Fasta anasema amemwekea kivuli. Siku ya Alhamisi akapata kona moja, nzuri, yuko peke yake nayo. Akatoa kipande cha njano. Mkono ukasita, akaulazimisha. Akakiunga, kikaenda upande, akakiacha kiende. Akakitazama, na furaha ile yake ikaanza kumpanda kutoka miguuni.

"Nani kashona hiki?" ikawa sauti ya Justa juu ya kichwa chake.

"Mimi."

"Kimepinda."

"Najua. Nimekipinda makusudi."

"Mzee wangu, shikamoo, lakini hakikidhi viwango."

"Marahaba. Viwango vya nani?"

"Vya kamati." Na kwa mkono mwepesi kabisa, kabla hajapata kusema neno, Justa akakifumua. Tii, tii, tii.

"Mama Careen! Blanketi ni langu!"

"Mwenyekiti!" Justa akaita. "Mzee Greda anagombana na ukaguzi!"

Ajenda akaja, mikono nyuma. Akasikiliza upande mmoja, akasikiliza upande wa pili, akatafakari sana, shati limejaa upepo.

"Ndugu Melkizedeki," akasema, "kamati imeliona hili tangu juzi. Wewe ni mwanzilishi. Siyo heshima wewe ukae chini unasukumana na kina Fasta. Kuanzia leo tunakuteua kuwa Mlezi. Piga makofi, jamani."

Wakapiga makofi.

"Mlezi anashona wapi?" akauliza Greda.

"Mlezi hashoni. Mlezi ni cheo kikubwa. Mlezi anakaa kwenye kiti."

Fasta akakimbia ndani akaleta kiti cha sebuleni, kile chenye kitambaa cha mgongoni. Greda akaketi. Akakaa. Wenzake wakarudi kwenye kazi, vichwa chini, wanabishana kama mbuzi ana pembe mbili au wamwekee moja kuokoa kitenge, wanacheka, wanafurahi. Walikuwa wanafurahi kweli, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, maana ungeweza kumkasirikia mtu anayekuibia huku amenuna, lakini hawa? Hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtazama. Ndani ya nyumba friji ikaanza kuunguruma.

Aliisikia. Akainuka taratibu, akachomeka sindano kwenye kola, akajaza mfuko wa koti vipande vya vitenge mpaka ukavimba, akapita nyuma ya jiko. Mama Doreen alimwona. Akamfungulia mlango wa uani na kumpa chupa ya chai ya tangawizi.

Nyuma ya stendi benchi lilikuwa tupu. Hapana redio, hapana jiko, hapana mtu. Greda akaketi katikati, miguu ameinyoosha yote miwili, akatandaza vipande mapajani na kuvibana kwa kiwiko visiende na upepo. Akachagua kimoja bila kufikiri. Akatia uzi, akaanza. Baada ya muda akajikuta anaimba puani.

Elinaza, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, hakuwa ameona mtu hapo tangu Jumanne. Akaacha kiatu cha mtu, akavuka.

"Shikamoo, Mzee Greda."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona peke yako? Kina Ajenda wamehama mji?"

"Wapo," akasema Greda, hakuinua macho kwenye mshono. "Wako kwangu, wananitimizia malengo."